Nilivyompeleka Mke Wangu Tanga Akacheze Swingi

Mmeniuliza pale Gikomba, mmeniuliza nje ya kanisa, na jirani yangu mmoja hapa mtaani Jericho ameniuliza juu ya ua nikiwa nimejifunga taulo tu. "Mutua, Tanga kulikuwaje?" Nimewajibu nyote kwamba kulikuwa kuzuri, na nyote mmeniangalia kama mtu anayeficha kitu. Basi nimekaa chini niandike mara moja, mkishasoma mniache nipige randa mbao zangu kwa amani. Mambo ya vibali, stampu na foleni za ofisini siandiki. Kila mtu ana foleni zake.

Kwanza mjue niliondoka na nini moyoni. Siku ya harusi yetu mgeni mmoja aliyekuwa ameonja kidogo alimnyooshea bibi harusi kidole akasema, "Huyu si ndiye Springi alikuwa akimrusha juu pale hall?" Watu wakacheka. Mimi sikucheka, na mpaka leo sijaona cha kuchekesha.

Springi lilikuwa jina la utani la Sudi, kijana wa Tanga aliyefanya kazi gereji hapa Nairobi zamani, kabla ya uhuru na baada yake kidogo. Wanaojua wanasema hakukuwa na mchezaji wa swingi kama yeye, si Kaloleni, si Pumwani. Ninyi vijana hamkuiona swingi. Mwanamume na mwanamke wanashikana mikono, wanavutana na kusukumana, wanazungushana, na muziki ukichemka mwanamume anampitisha mwanamke juu ya nyonga yake au juu ya bega, miguu hewani, gauni linapepea, anamdaka, wanaendelea kama hakuna kilichotokea. Mimi nilipotoka Kangundo kuja mjini kujifunza useremala, mambo hayo yalikuwa yanakwisha na watu wamehamia twist. Mke wangu, Mama Kioko, nilimkuta kwenye kwaya. Kwenye kwaya hakuna anayerushwa.

Miaka yote hiyo nimekula naye, nimelala naye, amenizalia watoto wanne, na bado nikimwona anapanda ngazi kutungika pazia nawaza: kuna mtu alishawahi kumwinua huyu juu zaidi ya hapo. Mimi sijamwinua hata kumvusha mtaro.

Serikali zetu mbili zilipokosana na mpaka wa Tanzania ukafungwa, watu wengi walihuzunika. Mimi nililala usingizi mzuri. Sudi alikuwa amekwisha kurudi kwao, na kati yake na mke wangu kulikuwa na askari wenye bunduki pande zote mbili. Sijui mume mwingine aliyewahi kulindiwa nyumba namna ile. Halafu wakapatana, mpaka ukafunguliwa, na mambo yakaanza.

Jericho hadi stesheni

Salamu zilikuja kwa mdomo wa dereva wa lori. Mwanaidi, aliyekuwa jirani yetu kabla ya kurudi kwao Tanga, alisema wachezaji wa zamani wanaandaa dansi ya swingi, Jumapili mchana, na wengine wamekwisha zeeka, ikipita hii hakuna nyingine. Shoga yake asikose. Shoga yake ni mke wangu.

"Nitakwenda," akasema Mama Kioko. Hakusema anaomba.

"Peke yako?"

"Ukitaka njoo. Usipotaka kaa na randa yako."

Nikasema nitakwenda. Mlinzi hashindwi na mlango wazi, anashindwa akilala. Nilimwangalia akifunga mizigo. Alifunga kilo sita za sukari na sabuni za miche, kwa sababu huko vilikuwa adimu, halafu akatoa chini ya kitanda raba nyeupe ambazo sikuwahi kuziona, akazipaka chokaa zikang'aa. Nikamuuliza raba za nini. Akasema za miguuni.

Mwanangu Kioko alikuwa mlangoni na wenzake wakipinduka juu ya boksi lililokunjuliwa, hiyo dansi yao ya breki, wanazunguka kwa mgongo kama mende aliyepigwa dawa. Mama yake akasimama na mizigo kichwani akawatazama.

"Hiyo ya kuruka mmeitoa wapi?" akauliza.

"Majuu, mathe. Ni ya masoo, wale weusi wa Amerika," Kioko akajibu.

"Ya kwetu ilitoka kwao pia," akasema, "lakini sisi tulikuwa wawili wawili." Akaenda zake. Mwanangu akaniangalia, "Fathe, mathe alikuwa anadansi?" Nikamwambia ashike sanduku.

Stesheni hadi Voi

Tulipanda daraja la tatu, viti vya mbao, vya kazi mbaya, mgongo umenyooka kama shahidi mahakamani. Aliyevitengeneza hakuwahi kukaa. Mbele yetu alikaa mzee mmoja wa kutoka Bungoma, mfupi, koti la jeshi limepauka, anakwenda Mombasa kumwona bintiye. Alijiita Mzee Wafula. Tulikuwa tumebeba chapati na kuku wa kukaanga, yeye ana ndizi za kuchemsha, na kabla ya Athi River tulikuwa tunakula sahani moja. Kulipokucha tukajikuta tumesimama Voi. Behewa la mizigo limeacha reli huko mbele, wakasema, tungoje.

Tuliteremka sote. Akina mama wa Voi walikuwa na mayai na viazi karai, wanajua treni ikikwama ni baraka. Mzee Wafula akatuuliza tunakwenda wapi na mimi nikawahi kusema Mombasa. Mama Kioko akasema, "Tanga. Kucheza swingi."

Lo, ningejua ningemziba mdomo kwa yai. Yule mzee aliweka kikombe chake chini.

"Swingi? Binti yangu, swingi nimeileta mimi."

Akatueleza. Vita vilipokwisha Bama, wao askari wa KAR, jeshi la Mwingereza, walikaa Kalkata wakingoja meli za kuwarudisha. Kulikuwa na kantini, na ndani ya kantini kulikuwa na askari weusi wa Amerika wenye gramafoni. Walitoka mtaa mmoja wa watu weusi huko New York unaoitwa Harlem, na walisema kwao kuna ukumbi mkubwa kama stesheni, bendi mbili zinashindana, na watu wanacheza mpaka sakafu inabadilishwa mbao. Nikamuuliza ni mbao gani. Hakujua.

"Tuliwaambia watufundishe," akasema. "Lakini wanawake hakuna. Basi warefu wakawa wanaume, wafupi tukawa wanawake. Mimi nilifungwa taulo kiunoni nikarushwa Kalkata nzima."

"Kwa hiyo ulirudi unajua ya wanawake tu," mke wangu akasema.

"Ya wanawake tu. Nilipofika Nairobi nikakuta wanaume wanajua wamefundishana, wasichana hawajui. Nikawafundisha mimi, pale Pumwani, jioni baada ya kazi. Wakanicheka mwanzo. Halafu wakaacha kucheka."

Mimi nikamwambia mambo ya kuruka kwenye ngoma Wakamba ndio wenyewe, babu zangu walikuwa wakipaa kabla Mmarekani hajazaliwa. Mzee akasema huko Kalkata kila kabila lilisema hivyo hivyo. Mluhya aliona mabega yake, Mjaluo akaona kiuno chake, na wale Wamarekani walisema hata wao hawajui ilianzia wapi, ila babu zao walichukuliwa kutoka Afrika wakiwa wamefungwa. "Ngoma ilikwenda haina viatu," akasema, "ikarudi imevaa."

Halafu akachukua kijiko akagonga kikombe cha bati, tiki-tiki-ta, tiki-tiki-ta, na Mama Kioko, hapo kwenye jukwaa la Voi, mbele ya abiria wote na wauza mayai, akavua viatu vya safari akavaa raba. Mzee akanipa mimi kijiko. Nikagonga. Nikasimama pale kama mjinga nawapigia wengine muziki, na mzee wa miaka sitini na kitu amemshika mke wangu mkono, wanakwenda mbele, wanarudi nyuma, wanapishana. Hakumrusha, mgongo haukumruhusu. Lakini alimzungusha, na alipomzungusha niliona kitu ambacho sijawahi kukiona usoni mwake, si siku ya harusi, si siku ya kuzaliwa Kioko. Watu walipiga makofi. Nikagonga vibaya makusudi, wakasimama.

Nilimwonea wivu Mzee Wafula kutoka Voi hadi Mombasa. Mtu aliyekuwa mwanamke wa Kalkata! Na nikawaza, kama huyu anaweza kumtoa uso ule, Springi atamtoa nini?

Likoni hadi Horohoro

Mombasa tulikula mahamri na mbaazi tumesimama, tukavuka Likoni, tukapata basi la Lunga Lunga. Kufika Lunga Lunga jua linaelekea kuzama na gari la kuvuka kwenda Tanga hakuna. Kesho, wakasema. Kesho ilikuwa Jumapili yenyewe. Mama Kioko alikaa juu ya sukari yake anatazama barabara. Mimi nilizungumza na kila mtu nikicheka, nikanunua muhogo wa kuchoma na pilipili, nikamwambia Mungu ndiye anayepanga.

Asubuhi Mungu akapanga lori la kreti za soda tupu. Tukavuka mpaka, tukaingia Horohoro, na pale tulikaa saa nyingi kwa sababu dereva alikuwa na rafiki. Kulikuwa na mama muuza chai chini ya makuti.

"Leta chai mbili, haraka," nikamwambia, kama tunavyosema hapa Nairobi.

Yule mama akaendelea kukoroga sufuria. Nikarudia kwa sauti. Akasema taratibu, "Baba, umeamkaje?"

"Vizuri. Chai mbili."

"Na huko ulikotoka hawajambo?"

Mama Kioko akanisukuma pembeni. "Shikamoo mama. Hawajambo, twashukuru. Tunaomba chai, tafadhali, tumechoka na safari." Chai ikaja hapo hapo, yake imejaa, yangu nusu, na zote mbili hazina sukari. Mama Kioko akafungua mfuko wetu akampimia yule mama kikombe kizima cha sukari. Alivyofurahi alimkumbatia. Mimi nilipata salamu ya mkono.

"Mke wako ana adabu," yule mama akaniambia. "Mchunge."

Niliwaza, mama yangu, ungejua.

Baada ya Horohoro hakuna lami, ni mchanga mwekundu, na kwenye mteremko mmoja lori likazama mpaka ekseli. Wanaume wakaombwa kusukuma. Nilisukuma kwa mkono mmoja. Mama Kioko alikuwa amekunja kanga anasukuma ubavuni mwangu, kreti zinagongana juu yetu, akanigeukia jasho linamtoka.

"Baba Kioko, mimi sijui unaogopa nini. Mwili wangu una watoto wanne, goti langu linalia kila mvua ikija. Unafikiri naenda kuolewa?"

"Unakwenda kurushwa," nikasema.

"Nakwenda kuona kama bado naijua. Kitu nilichokijua vizuri kuliko watu wote Nairobi ni hicho tu. Kupika kila mtu anapika. Nataka mtu aliyeniona nikikijua aniambie kweli nilikijua." Akafuta jasho. "Sasa sukuma."

Nikasukuma kwa mikono miwili. Lori likatoka.

Tanga

Mwanaidi alitupokea kwake mtaa wa Ngamiani na wali wa nazi, samaki na kelele. "Shoga, shoga yangu, umenenepa, mashaallah. Shemeji, na wewe umekuja? Karibu, shemeji, hujabadilika, bado umenuna." Nikaulizwa habari za kila mtu wa Jericho, mpaka waliokufa.

Kama Mzee Wafula alidhani yeye ndiye aliyeileta swingi, watu wa Tanga wangemla mbichi. Mjomba wake Mwanaidi aliniweka kwenye kiti, kiti kizuri, mvule, akaniambia dansi ilifika Tanga zamani sana, kwa mabaharia na santuri, wakati huo vijana wa hapa wana vilabu, wana tai, wanashindana kwa majaji. "Ninyi Nairobi ilikufikieni baadaye, na magunia ya mizigo," akasema. "Sisi ndio tuliompeleka Sudi kwenu awafundishe." Nikamwambia tumekwisha kumrudisha, wabaki naye.

Ukumbi ulikuwa karibu, na tuliingia jua bado kali madirishani. Bendi ya wazee watano, saksafoni imefungwa uzi, besi kubwa ya mbao imebanwa kwa waya. Watu wamekaa kuzunguka kuta, waume na wake zao, mashati meupe yamepigwa pasi, wanaume wengi na raba kama za mke wangu. Mwanaidi akaninong'oneza utaratibu wa hapo: mwanamume haombi dansi kwa mwanamke. Anakwenda kwa yule aliyekuja naye, mume au kaka, anasimama wima, anasema, "Bwana, naomba dansi kwa mama." Ukisema ruksa anamchukua, na ngoma ikikwisha anamrudisha mpaka kitini na kukushukuru wewe. Mwanamke hasimami peke yake.

Mnajua nilivyofurahi? Nilikuwa nimesafiri siku zote hizo nikiwaza nitamzuiaje, kumbe sheria yao imeniwekea ufunguo mkononi. Nikatunga jibu: "Samahani bwana, mama ana goti." Nikalirudia moyoni mpaka likalainika.

Halafu Mwanaidi akasema, "Yule pale Sudi."

Ninyi mlionisikia nikimtukana huyu mtu miaka yote mngeona haya kwa niaba yangu. Nilikuwa nimemjenga kichwani ana mabega ya mlango. Alikuwa mfupi, ananifika hapa begani, mwembamba, mvi tupu, suruali imekaa sawasawa. Lakini alipotembea nilielewa lile jina. Visigino vyake havikugusa chini.

Bendi ikaanza. Sudi akaenda kwa bwana mmoja mnene, akaomba, akapewa, akacheza na mke wa bwana mnene. Mwanamke yule mzito akawa mwepesi. Akamrudisha, akashukuru. Akaenda kwa mwingine, na mwingine. Nikajiandaa. Akaja upande wetu, nikavuta pumzi, akatupita. Akamwomba bwana aliyekaa kiti cha pili kutoka kwetu. Akarudi, akatupita tena. Macho yake yalipita juu ya mke wangu kama yanavyopita juu ya ukuta.

Ngoma ya kwanza nilifurahi, nisidanganye. Ya pili nikafurahi. Ya tatu nikamwangalia Mama Kioko. Alikuwa ameweka mkoba mapajani, ameushika kwa mikono miwili, anatabasamu tabasamu la mtu anayengojea daktari. Chini ya kiti raba zake nyeupe zilikuwa zinacheza zenyewe, mbele, nyuma, mbele, nyuma. Ngoma ya nne miguu ikasimama. Akasema, "Labda twende, Baba Kioko. Goti linaanza."

Jibu langu mwenyewe, neno kwa neno karibu, likitoka kinywani mwake. Liliniuma vibaya.

Bendi ilipumzika. Sudi alikaa kona ya mbali anakunywa chai, na Mwanaidi, mkarimu asiyeuliza, alikuwa ameitia chai ya ukumbi mzima sukari yangu. Nikainuka nikaenda. Alinyanyuka kunisalimu kwa heshima, kikombe mkononi.

"Wewe ndiye Springi?"

"Zamani, ndugu yangu. Sasa ni Sudi tu. Karibu."

"Wewe ndiye uliyekuwa ukimrusha mke wangu?"

Akaniangalia, akaangalia tulikokaa. Alitazama kwa muda, kwa bidii, kama mtu anayesoma maandishi madogo. "Yule mwenye mkoba?" akasema. "Nisamehe bwana. Niliwarusha wengi Nairobi. Simkumbuki."

Nawaambieni nilishikwa na hasira ambayo sijawahi kushikwa nayo. Miaka yote hiyo! Nimekosa usingizi kwa ajili ya mtu huyu, nimemnunia mwanamke mzuri kwenye ngazi ya pazia, nimeomba mpaka wa nchi usifunguliwe, na yeye hamkumbuki? Anakunywa sukari yangu na hamkumbuki? Ungekuwa umemrusha Mama Kioko juu ungewezaje kusahau? Mimi sijawahi kumrusha na sisahau.

"Sikiliza," nikasema. "Yule mwanamke ametoka Nairobi juu ya kreti za soda. Amesukuma lori. Utakwenda pale, utaniomba kwa utaratibu wenu, mimi nitakubali. Halafu utamwambia hujamsahau hata siku moja."

"Bwana, nimwambie uongo mkeo?"

"Mwambie. Mimi ni Mutua, yeye anaitwa Mbithe."

"Mbithe," akarudia, taratibu, ili asikosee.

Nikarudi nikakaa. Bendi ikaanza, ile ya mwendo wa haraka. Akaja na visigino vyake hewani, akasimama wima mbele yangu. "Bwana Mutua, naomba dansi kwa mama."

"Ruksa," nikasema. Neno fupi lile lilinitoka kama jino.

Akamwinamia. "Mbithe. Sijakusahau hata siku moja."

Mke wangu akashtuka. Akamwangalia yeye, halafu akaniangalia mimi, muda mrefu kidogo kuliko nilivyotarajia, halafu akanipa mkoba nimshikie.

Sitawaeleza yote, maana nikieleza nitaumwa tena. Walianza polepole, wanapimana. Halafu saksafoni ikapanda na wao wakapanda nayo. Sudi akamsukuma, Mama Kioko akarudi; akamwachia mkono mmoja, mama akazunguka peke yake, akaukuta mkono bila kuutafuta. Wale wazee waliokuwa wakicheza wengine wakasimama kuangalia. Mwanaidi analia. Na pale katikati Sudi akainama kidogo tu, mama wa watoto wanne akapita juu ya nyonga yake, raba mbili nyeupe zikaenda juu, na kwa kitambo hicho hakuna sehemu ya mke wangu iliyogusa ardhi ya Tanganyika.

Ukumbi ukapiga kelele. Mimi nimeshika mkoba. Mjue nilimwonea Sudi wivu wakati ule kuliko siku zote nilizowahi kumwonea, na mimi mwenyewe ndiye niliyemtuma.

Akamrudisha mpaka kitini. Akanishukuru. Akaangalia tena raba nyeupe za Mama Kioko, akaenda zake.

Kurudi

Njia ya kurudi ilikuwa nyepesi kidogo, kwa kuwa sukari imekwisha. Horohoro tulingoja gari tena kwa yule mama wa chai, na safari hii nilisalimia mpaka kuku. Nikaletewa kikombe kimejaa.

"Alikusahau?" Mama Kioko akaniuliza ghafla.

"Nani?"

"Sudi. Alikuwa amenisahau, sivyo? Wewe ndiye uliyemtuma."

Nikakana. Nikasema mtu kama yule hasahau, alikuwa ananiogopa mimi tu, alisema mwenyewe. Nilisema maneno mengi. Aliniacha nimalize.

"Aliniita Mbithe," akasema.

"Si jina lako?"

"Ndilo. Lakini pale hall hakuna aliyelijua. Baba yangu alikuwa mzee wa kanisa, Baba Kioko. Mtu angepeleka jina langu kwetu Shauri Moyo ningechapwa mpaka nisahau kucheza. Wasichana wote tulikuwa na jina la nyumbani na jina la hall, ukitoka mlangoni unaliacha. Sudi hakuwahi kusikia Mbithe maisha yake yote. Aliposema Mbithe nikajua limetoka kwako."

Nikanywa chai.

"Uliona uchungu?" nikamuuliza mwishowe.

"Niliona. Nimekaa pale ngoma nne." Akavunja kipande cha muhogo akanipa nusu. "Lakini aliponishika mkono nilijua bado naijua. Mkono wake ulikumbuka, hata kama kichwa kilisahau. Na kuna mtu aliyekwenda kuniombea dansi, na mtu mwenyewe ni wewe. Hilo sikulitegemea hata ndotoni." Alicheka kidogo. "Bora hukulijua jina la hall. Ungemtajia lile, huenda angekumbuka. Na wewe ungelala vipi?"

"Ulikuwa unaitwa nani?"

Alifikiri kama atanipa au hatanipa.

"Roza."

"Miaka yote hii, kwa nini hukuniambia?"

"Ungelionea wivu."

Sasa mmesoma. Mnataka kujua kama nimepona, na fununu zenu pale Gikomba ni kwamba nimerudi mpole. Sudi simwonei wivu tena, namhurumia, mtu mwenye kichwa kibovu. Lakini mke wangu akiwa jikoni anaimba kidogo kidogo, akidhani sisikii, naweka randa chini nasikiliza. Kuna msichana anaitwa Roza. Nusu ya mitaa yetu ya Eastlands ilimwona akiwa hewani. Nimeoa nyumba aliyokuwa akikaa Roza, na mimi peke yangu sikumkuta.